Mtangazaji kaikata Broken Halos katikati ya kiitikio, eti "haikuwahi kufika namba moja"!!!

NyuziSita
Wakuu, leo sina salamu.

Yule jamaa wa kipindi cha kantri Jumapili jioni, mnamjua, yule anayecheka peke yake kabla ya kila wimbo. Leo katangaza kipindi maalumu: nyimbo za kantri zilizoshika namba moja redioni Marekani mwaka 2018. Kafungua na Meant to Be ya Bebe Rexha na Florida Georgia Line, sawa. Kairudia, tukavumilia. Kisha ikaingia Broken Halos ya Chris Stapleton. Kiitikio ndiyo kwanza kinapanda, jamaa KAIKATA. Halafu kwa sauti ya hakimu anayesoma hukumu: "Hii haikuwahi kufika namba moja."

HAIKUWAHI? Machi 2018 ilikuwa kileleni mwa Country Airplay, chati ya redio za kantri! Hata mbuzi wa Tennessee wanalijua hilo!

Tangu Oktoba 2012 Billboard, jarida la muziki la Marekani, ina chati mbili za nyimbo za kantri. Hot Country Songs inajumlisha mauzo, usikilizaji wa mtandaoni na redio za kila aina, za pop zikiwemo. Country Airplay inahesabu redio za kantri peke yake, na haiangalii tu wimbo umepigwa mara ngapi, inapima na watu wangapi walikuwa wanasikiliza. Wimbo uliopigwa saa tisa usiku haupati uzito wa ule wa saa moja asubuhi watu wakienda kazini.

Meant to Be ilikuwa inapigwa na redio za pop Marekani nzima, na yote hayo yakaingia kwenye hesabu ya Hot Country Songs. Ndiyo maana ikakalia kiti wiki 50 mfululizo, Desemba 2017 hadi Novemba 2018. Heaven ya Kane Brown na Tequila ya Dan + Shay zikaishia namba 2 huko. Redio za kantri zikazifikisha zote mbili namba 1, Heaven mwezi Mei na Tequila mwezi Julai.

Mtu kafungua ukurasa mmoja, kaona jina moja limejaa kuanzia Januari, kaamua wengine wote walikuwa wapambe. Na kiitikio kakikata! Kwenye KIITIKIO!

Mkwaju_Mkavu
Povu la mleta uzi linatosha kufua mashuka ya hospitali nzima. Mkuu, kwa Hot Country Songs jamaa hajakosea. Broken Halos haikufika juu huko.

NyuziSita
Kipindi kilitangazwa kuwa cha nyimbo za REDIONI. Chati ya redioni ni Country Airplay. Kasoma chati isiyo yenyewe, kahukumu wimbo usio na kosa, kisha akaukata. Angeuacha umalizike hata sekunde arobaini ndipo aseme uongo wake.

Mkwaju_Mkavu
Kwa hiyo kinachouma ni kukatwa.

NyuziSita
Vyote. Ila kukatwa zaidi.

Banjo_Pwani
Ongeza na hili: mtangazaji kasema Meant to Be ilikaa juu wiki 49. Najua alipokosea. Kahesabu Jumamosi kwa Jumamosi. Billboard walisogeza tarehe zao mwanzoni mwa 2018, wakaweka chati ya tarehe 3 Januari, Jumatano, kati ya ile ya 30 Desemba na ile ya 6 Januari. Usipoijumlisha hiyo unapungukiwa na wiki moja. Kwa mwaka ule usiongeze siku saba saba kwenye kalenda, fungua chati moja moja.

Kapelo_Jeusi
Uzi mrefu hivi kwa ajili ya kiitikio? Mleta mada pumzika, Stapleton mwenyewe hajalalamika.

DadaWaFidla
Wanaume mmejaa humu mnamlilia Stapleton. Legends ya Kelsea Ballerini ilishika namba moja redioni Februari 2018, mwanamke peke yake bila kusindikizwa na mtu, na yule jamaa hajaitaja kabisa. Haikupata hata nafasi ya kukatwa! Kapiga Drowns the Whiskey akasema "Jason Aldean" akanyamaza. Miranda Lambert kaimba humo ndani, jina lake limeandikwa kwenye wimbo. Hilo ndilo la kufungulia uzi.

Banjo_Pwani
Dada umenena. Na Best Shot ya Jimmie Allen, Novemba 2018. Msanii mweusi, wimbo wake wa kwanza kupelekwa redioni ukafika juu kabisa ya Country Airplay. Kimya.

Kapelo_Jeusi
Hizo namba moja za redioni zinabadilika karibu kila wiki, nani atazikumbuka zote?

DadaWaFidla
Anayelipwa kuzikumbuka. Na zinabadilika kwa sababu. Kampuni ya rekodi inapanga tarehe ya kuviomba vituo viuingize wimbo kwenye ratiba. Unapanda polepole, mara nyingi miezi sita na kuzidi. Ukikaribia kilele, wasukumaji wa kampuni wanavibana vituo vyote viongeze kuupiga wiki ileile. Ukishagusa namba moja wanaachia, wanahamia wimbo unaofuata, na ule wa kwanza unaporomoka. Mlango huo kwa wanawake unafunguka kidogo sana, vituo vinawapanga wachache kwa saa. Mtangazaji wa huku naye anaufunga kabisa.

Mzee_wa_Santuri
Vijana, 2018 ni juzi. Rekodi ya zamani ya wimbo kukaa namba moja ya kantri ilikuwa wiki 21, na walioishika ni watatu: Eddy Arnold, Hank Snow na Webb Pierce, miaka ya 1940 na 1950. Ilidumu hadi 2013 wimbo wa Cruise ulipofika wiki 24. Ikaja Body Like a Back Road na wiki 34 mwaka 2017, kisha hiyo yenu ya 50. Zote tatu zimekuja baada ya kanuni za kuhesabu kubadilishwa hiyo Oktoba 2012. Kuzilinganisha na Hank Snow ni dhuluma, na jamaa anafanya hivyo kila Jumapili.

Ila mwizi mkubwa ni wauza flashi za "kantri za zamani". Coward of the County wameandika Don Williams! Kenny Rogers kaifikisha namba moja Januari 1980, leo mabasi yote yanampa mtu mwingine.

Kapelo_Jeusi
Mzee hapo umegusa donda. Flashi yenye nyimbo 300, zote Don Williams. Hadi za Dolly Parton!

NyuziSita
Wakuu turudi kwenye Broken Halos.

Mkwaju_Mkavu
Kutoa hayo majina ya uongo inakuwaje? Nabadilisha jina la faili, redio ya gari bado inaonyesha Don Williams.

Banjo_Pwani
Jina la faili si kitu. Redio inasoma jina la msanii lililohifadhiwa ndani ya faili lenyewe. Nakili nyimbo kwenye kompyuta kwanza. Kwa Windows bonyeza faili kwa kitufe cha kulia, ingia kwenye sifa za faili, fungua sehemu ya maelezo, futa msanii, andika sahihi, hifadhi. Kuna sehemu mbili, msanii wa wimbo na msanii wa albamu. Rekebisha zote, maana redio nyingine zinasoma ya pili.

Mzee_wa_Santuri
Na mwaka? Wameandika 2009 kwenye kila wimbo.

Banjo_Pwani
Uko chini ya hapo hapo, mzee. Chagua nyimbo zote za msanii mmoja kwa pamoja ukibadilisha jina, lakini mwaka weka wimbo mmoja mmoja.