Tupeane uzoefu: Umeona nini katika maji ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, kuanzia mlango wa Songwe hadi Matema?

Mleta mada, Mbeya mjini

Ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini, naomba tukusanye hapa yale ambayo kila mmoja wetu ameyaona kwa macho yake katika pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa: samaki, ndege, wadudu na wanyama wa ufuko ule unaoanzia mlango wa Mto Songwe, ukapita Kiwira, Mbaka na Lufilyo, hadi pale Milima ya Livingstone inapotumbukia majini baada ya Matema. Tumezoea kulisifu ziwa hili kwa urefu wake unaokaribia kilometa 580 na kwa kina chake cha takriban mita 700, lakini anayetaka kujua uhai wake umekaa wapi hana budi kuanzia ukingoni, kwa sababu ukishuka zaidi ya mita 200 hadi 250 maji hayana oksijeni na samaki hawezi kuishi humo. Aina zote za samaki wa Nyasa, ambazo wataalamu wanazikadiria kuwa kati ya 700 na 1,000, zinagawana tabaka hilo la juu, na nyingi kati yake hazitoki karibu na nchi kavu maisha yao yote.

Nianze mimi. Mwaka 2009 nilikwenda Matema kumsalimia shangazi yangu, nikaazima miwani ya kuzamia na kwenda kwenye miamba iliyo mwisho wa mchanga, upande wa mashariki. Maji yalinifika kifuani tu, lakini nilipoinamisha uso niliona samaki wadogo wa buluu, wa manjano na wenye milia wakikwangua mwani juu ya mawe, kila mmoja akimfukuza jirani yake aliyesogelea jiwe lake. Hao ndio mbuna. Palipokuwa na mchanga kati ya mawe mawili palikuwa na samaki mwingine wa kijivu, amevimba kidevu, ambaye hakugusa hata punje moja ya wali niliyomrushia. Nilidhani ni mgonjwa. Jioni nilimweleza mvuvi mmoja mzee, jirani wa shangazi, naye akanijibu kwa upole: “Huyo ana mimba ya mdomoni, mwanangu.”

Nilirudi siku tatu mfululizo kwa ajili ya samaki huyo. Siku ya tatu alikuwa amewaachia watoto wake, wadogo kama punje za ulezi, wakielea mbele ya uso wake. Kivuli changu kilipowaangukia, mama alifungua kinywa na wote wakaingia ndani kwa mara moja. Baadaye nilisoma kwamba mama wa jamii hii huokota mayai yake mara tu anapoyataga, akayatunza kinywani kwa muda wa wiki tatu hivi bila kula vizuri, na kwamba mayai hayo ni makumi tu, wakati samaki wengine hutaga maelfu. Anayemvua mama mmoja katika siku hizo amevua na kizazi chake chote.

Jambo la pili lililonishangaza ni kwamba tulipopanda mtumbwi kwenda Ikombe kununua vyungu vya Wakisi, nilitazama miamba ya huko na kukuta mbuna wa umbo lile lile lakini wenye rangi tofauti. Mbuna haoni sababu ya kuvuka mchanga mpana wala maji ya kina, kwa hiyo kila kundi la miamba limekaa peke yake kwa vizazi vingi na kupata sura yake. Nawasihi wenzangu mkipita huko mtazame.

Muuza usipa, Iringa

Kamwene. Mimi nilizaliwa Kyela nikaolewa Iringa, na kwa miaka kumi na miwili nimekuwa nikiuza usipa sokoni, kwa hiyo ziwa lenyewe nalifahamu zaidi kupitia gunia. Usipa ni samaki anayeishi takriban mwaka mmoja tu, na ndiyo maana mwaka mmoja wanajaa hadi bei inaanguka na mwaka unaofuata tunawatafuta kwa tochi. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka mwanga wa karabai haumvuti tena.

Ninachotaka kuwaeleza ni kazi ya kuchambua. Kila ninapofungua gunia humwaga sado moja juu ya ungo na kutenganisha, maana mteja hapendi mchanganyiko. Zamani nilikuwa nikitoa takataka na mchanga tu. Siku hizi natoa vifaranga vya samaki wengine, vifupi na vipana kuliko usipa, na vingine vyembamba vyenye magamba ya fedha ambavyo baba yangu alipokuja kunitembelea alivitazama kwa muda mrefu akasema ni watoto wa mbasa, yule samaki mkubwa anayemla usipa. Aliniuliza nyavu zilizovua mzigo ule zilikuwa na matundu ya namna gani. Nilifuatilia kwa aliyeniletea, akakiri kwamba baadhi ya mzigo ulivuliwa kwa kokoro, wavu wa kukokota, lililoshonwa kwa chandarua, karibu kabisa na ufuko. Tangu hapo nimekataa mzigo wa namna hiyo, na nimepoteza wateja wawili wa jumla kwa sababu wangu ni ghali zaidi. Sijutii, lakini ni vigumu kuwa peke yako sokoni katika jambo hili.

Mkazi wa Itungi

Kwa upande wangu ni ule moshi. Kuna siku, hasa asubuhi tulivu, unaona nguzo za moshi mweusi zimesimama juu ya ziwa kana kwamba meli inaungua, kumbe ni wadudu wadogo wanaoibuka kwa mamilioni kutoka majini. Viluwiluwi vyao hujificha mchana katika maji ya chini yenye oksijeni haba, ambako samaki wengi hawawafuati, kisha usiku hupanda juu kula. Upepo ukiwasukuma nchi kavu, huwezi kufungua kinywa. Bibi yangu alikuwa akizungusha kikapu kilicholowa maji hewani, akawakanda na kuwachoma kama kitumbua. Majirani zetu wa Malawi wanakiita kungu. Ladha yake ni nzito, na sisi watoto tulikigombania.

Mzee wa Mto Mbaka, Kyela

Nimesoma kwa makini habari ya binti yetu wa Iringa, na baba yake hakukosea. Nilivua tangu ujana wangu hadi mwaka 2015, nikaacha kwa sababu ya magoti, na samaki niliyemfahamu kuliko wote ni mbasa.

Watu wengi wanamjua mbasa akiwa amekwisha kufungwa kwenye jani la mgomba, lakini hawajui safari yake. Akiwa mkubwa anaishi ziwani akimfuata usipa, ambaye ndiye chakula chake. Mvua zinapoanza kuijaza mito na maji baridi ya milimani yanaposhuka, hukusanyika kwenye milango ya mito na kuanza kupanda kinyume cha mkondo. Hatagi mahali popote. Anatafuta maji meupe yanayokwenda kasi juu ya changarawe, na mayai yake hudondoka katikati ya vijiwe, ambako maji yanapita na kuyapa hewa. Watoto wakishaanguliwa huteremka polepole hadi ziwani, na humo hukaa kwanza karibu na ufuko, mahali pale pale ambapo kokoro la chandarua linavutwa.

Sisi tulimvua kwa migono, yaani mitego ya kusukwa. Tuliweka uzio wa fito kukata mto na kupanga migono kwenye matundu yake, lakini baba aliacha upenyo wa hatua mbili upande wa maji makuu, wala hakuruhusu mtu auzibe, hata katika mwaka wa njaa. Alituambia kwamba mbasa tuliokuwa tukiwala ni wale ambao wazazi wao walipitia upenyo wa namna hiyo. Nilipokuwa mtu mzima nilishuhudia wengine wakiweka uzio kutoka ukingo hadi ukingo, na nyuma yake uzio wa pili na wa tatu, na nilipowauliza waliniambia kwamba wakiacha upenyo atafaidi mwenzao aliye juu.

Hata hivyo, uzio unaweza kung'olewa kwa siku moja. Kinachonisumbua zaidi ni udongo. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto, lakini huku kwetu mahindi yanalimwa hadi jani linagusa maji, na mchanga na kokoto vinachimbwa mtoni kwa ajili ya ujenzi. Mvua ikinyesha juu kule, tope linashuka na kufunika changarawe, na yai la mbasa lililofunikwa na tope halipumui. Unaweza kuwa na sheria nzuri ya nyavu ziwani na bado mbasa akaisha, kwa sababu kitanda chake kiko shambani kwa mtu.

Mwalimu, Tukuyu

Shikamoo mzee, na ndaga fijo kwa maelezo hayo. Hata huku kwetu, Kiwira inapopita chini ya Daraja la Mungu wakati wa masika, inakuwa na rangi ya chai ya maziwa, na tope hilo hilo ndilo linalofika kwenu.

Mimi nina kisa cha ziwa dogo. Nimekuwa nikiwapeleka wanafunzi Ziwa Kisiba, ambalo wengine hulijua kwa jina la Masoko, lililo katika shimo la volkano ambalo umri wake ni takriban miaka 50,000. Humo kuna samaki wa ukoo mmoja na wale wa Nyasa, na mwaka 2015 wanasayansi walichapisha katika jarida la Science kwamba samaki hao wamekuwa wakigawanyika katika makundi mawili ndani ya miaka 500 hadi 1,000 iliyopita: wa manjano wanaokaa ukingoni, na wa buluu iliyokolea wanaokaa chini kwenye mwanga hafifu. Niliwaeleza wanafunzi kwamba jambo lililowachukua samaki wa Nyasa muda mrefu sana kulifanya linaendelea hapa, katika ziwa ambalo mtu anaweza kulizunguka kwa miguu. Msichana mmoja aliuliza itakuwaje mtu akimwaga humo samaki wageni kutoka bwawa lake. Nilimjibu kwamba kazi ya miaka elfu moja inaweza kuharibika kwa ndoo moja.

Mama wa Matema

Niongeze la kichocho, kwa sababu watoto wangu wawili waliugua na mmoja alikojoa damu kwa wiki kadhaa kabla sijaelewa. Walipona kwa dawa. Muuguzi alinieleza kwamba vijidudu hutoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi ya anayeoga. Nilichojifunza baadaye ni kwamba kuna samaki wa ziwa hili ambao chakula chao ni konokono, wenye meno mapana ya kusaga kooni, na kwamba upande wa kusini, nchini Malawi, watafiti walihusisha kupungua kwa samaki hao karibu na fukwe na kuongezeka kwa konokono. Tangu nijue hivyo, nikiona kokoro likivutwa mbele ya nyumba yangu naona linavutwa juu ya watoto wangu.

Mvuvi wa Manda, Ludewa

Huku mlangoni mwa Mto Ruhuhu bado tunao mamba na viboko, na furukombe analia kila asubuhi. Fisi maji wamepungua. Wananasa kwenye nyavu zetu wakifuata samaki, nasi tuliwaua kwa sababu wanatoboa. Mwaka jana nilimkatia wavu mmoja akiwa hai nikamwachia, akazama, akaibuka mbali na kunitazama.

Mleta mada

Mzee wa Mbaka, samahani kwa kukurudia. Je, kuna mahali ambapo changarawe ile bado ipo?

Mzee wa Mto Mbaka, Kyela

Swali lako lilinifanya nimchukue mjukuu wangu Jumamosi tukapande na mto. Mahali ambapo baba aliweka uzio pamekuwa tope tupu, mguu unazama hadi kwenye kifundo. Tulitembea saa moja zaidi, tukafika kwenye kona ambapo mwenye shamba ameacha matete na miti ukingoni, na hapo changarawe ipo, safi, maji yakipita juu yake kwa sauti niliyoikumbuka. Mjukuu aliona mbasa wawili kabla yangu, mmoja mrefu kama mkono wangu, wamesimama dhidi ya mkondo. Tulikaa juu ya mzizi tukiwatazama hadi mvua ilipoanza kunyesha upande wa Rungwe na maji yakaanza kubadilika rangi, kwa hiyo tukaondoka bila kujua kama walitaga.