Nimeuziwa kifurushi cha gemu "kamili" Kariakoo, kumbe nimenunua kasha na deni la bando

Wakuu, habari za majukumu. Wasimamizi naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa bei za mashine, mada ni tofauti kabisa. Na wale wazee wa "ungeuliza kwanza kabla ya kununua", vuteni subira. Niliuliza. Nikajaribu dukani kwa mikono yangu. Na bado nimepigwa.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, sekondari ya kata, wilaya ya Nyasa huku ziwani. Umeme upo, unakatika, lakini upo. Shida ni mtandao. Nyumbani kwangu simu inasoma E, na ukitaka kutuma picha moja ya WhatsApp unapanda kichuguu kilicho nyuma ya nyumba ya mkuu wa shule, unanyoosha mkono juu kama unaita mvua. Sichezi gemu na watu wa mtandaoni, sina hamu ya kutukanwa na katoto ka miaka 12 ambako sikajui. Nikishasahihisha madaftari 80 nataka stori yangu, misheni zangu, mimi na pedi yangu ya gemu, mama watoto ameshalala. Basi. Hayo ndiyo mahitaji yangu yote duniani.

Likizo ya Desemba nikashuka Dar. Nina milioni 1.75 niliyoweka kwa mwaka mzima, nyingine ya kusahihisha mitihani. Nikaingia duka moja Kariakoo, jina nalihifadhi, wasije wakasema nawaharibia biashara. Kijana mchangamfu, anakuita bosi kabla hujavuka kizingiti. Akanionesha kifurushi: mashine ya gemu, pedi mbili, gemu tatu kwenye makasha, na "zawadi" ya gemu nne ambazo atanipakilia bure ndani ya mashine. Saba jumla! Nikamwambia taratibu, "Mdogo wangu, mimi nacheza peke yangu, na ninakokwenda hakuna intaneti." Akajibu, "Bosi wangu, kwani hii ni simu? Ukifika unachomeka, unacheza."

Nikauliza tena. Nikauliza mara ya tatu. Akageuza kasha la gemu ya kupigana risasi, akanionesha nyuma kimchoro cha mtu mmoja. "Umeona? Mchezaji mmoja." Nikaona. Akawasha, tukacheza mpira dakika kumi, akafungua na zile nne za zawadi moja moja, zote zikawaka. Nikalipa. Risiti ya EFD nikapewa, imeandikwa "VIFAA 1". Sikulitilia maanani. Wakuu, mtu akikuuzia vitu saba akaandika "vifaa 1", shtuka.

Haya. Zaidi ya kilomita elfu moja kwa basi, boksi nimelipakata tangu Dar mpaka Songea kama mtoto mchanga, Songea mpaka Mbinga, Mbinga kushuka ziwani. Nimefika, nimeoga, nimechomeka.

Gemu ya kwanza, mpira. Hii sina ugomvi nayo mkubwa. Mechi ya kirafiki inapiga, ligi ya kuendesha timu dhidi ya kompyuta inapiga. Ile sehemu ya kukusanya kadi za wachezaji inadai seva, yaani kompyuta za kampuni kule mtandaoni, na ndiyo iliyopambwa kwenye kasha lote, lakini mimi sikuifuata hiyo. Bila mtandao wachezaji wamebaki kwenye timu walizoziacha zamani, poa tu, navumilia.

Ya pili, ya risasi. Naweka CD, mashine inanguruma, mstari unajaa mpaka mwisho. Nafungua. Inanipeleka kwenye uwanja wa mazoezi: sanamu za mbao, bunduki moja, ukuta. Nikapiga sanamu zote. Nikatafuta mlango wa kutokea. Hakuna. Ukibonyeza stori inakuja karatasi nyeupe: gemu iliyobaki itapakuliwa, GB 92. Yaani kwenye CD niliyolipia kuna uwanja wa mazoezi na sanamu za mbao!

Ya tatu nikafungua kasha. Ndani hakuna CD. Kuna kikaratasi chenye namba, kama vocha ya kukwangua. Kasha la plastiki, picha nzuri mbele, ndani vocha. Mke wangu aliniuliza, "Hiyo ya muda wa maongezi?" Sikumjibu.

Zile nne za zawadi? Zimo. Picha zake zimejipanga vizuri, na kwenye kila moja kakufuli kadogo. Ukibonyeza inakwambia mashine haiwezi kuthibitisha leseni, ungana na intaneti. Nimekuja kuelewa baadaye: aliziweka kwa akaunti yake mwenyewe, dukani waifai ilikuwa inafanya kazi, kwa hiyo kila nilipobonyeza seva ilikuwa inajibu "ruksa". Huku ziwani hakuna wa kutoa ruksa.

Hapo ndipo alipocheza na akili yangu, na ndicho kilichonifanya nifungue uzi. Nilijaribu mzigo dukani, lakini nilijaribu ukiwa kwenye maji ya kwao. Sikumwambia azime waifai. Neno moja tu, "zima waifai", lingeokoa milioni na ushee.

Nikampigia. "Bosi, hiyo ni mtandao wa huko kwenu tu, tafuta sehemu nzuri." Nikamwambia mtandao wa huku nilikueleza mara tatu. "Gemu za siku hizi ndivyo zilivyo bosi. Kama vipi uilete tuiangalie." Niilete! Nauli ya kwenda na kurudi unalipa wewe?

Nikafanya hesabu ubaoni, mimi ni mwalimu, siogopi namba. Mbinga mjini kuna gesti ina waifai, nilipima ikanipa kama KB 250 kwa sekunde. GB 92 gawanya kwa hiyo: sekunde 368,000. Saa 102. Siku nne na saa sita, umeme usikatike hata mara moja. Nikaenda Ijumaa na mashine kwenye begi. Nimelala pale mpaka Jumapili mchana, mwenye gesti akazima ruta kwa sababu wageni wengine walikuwa wanalalamika simu zao hazifungui kitu. Nimerudi na GB 31. Bado uwanja wa mazoezi. Sanamu zangu zipo salama.

Sasa msidhani ni mimi tu nimekutana na jini. Wikiendi ile pale gesti, mashine ikipakua, mimi nilikuwa kwenye simu nasoma, na nilichokiona kimenitia hasira mara mbili. Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022, kwenye CD ya PS5 (mashine ya Sony) kulikuwa na kama MB 70 tu. MB sabini! Nyimbo za kwaya ya parokia yetu zinazidi hapo. Tony Hawk's Pro Skater 5 ya 2015, CD ilikuwa na mafunzo na sehemu ya kujengea viwanja, gemu lenyewe likaja kwa kupakua. Spyro Reignited Trilogy ya 2018, jina linasema gemu tatu, lakini sehemu kubwa ya ile ya pili na ya tatu haikuwa kwenye CD. Halo: The Master Chief Collection, 2014, siku ya kwanza tu inadai sasisho la GB 20. Na Nintendo, kwenye mashine yao ya Switch 2 inayotumia kadi badala ya CD, ndio wamekata mzizi wa fitina: zipo kadi ambazo ndani hakuna gemu, kuna ufunguo tu wa kupakulia. Angalau wao wanaandika mbele ya kasha kwamba hii ni kadi ya ufunguo. Ukishapakua mara moja unacheza bila mtandao, kadi ikiwa ndani. Huo ndio ungwana ninaoutaka: niambie kabla sijatoa pesa.

Halafu kuna aina nyingine mbaya zaidi, ambayo hata ukipakua yote hujaokoka. Kile kimchoro cha mtu mmoja nyuma ya kasha maana yake ni kwamba unacheza peke yako. Hakisemi unacheza bila mtandao. Ni vitu viwili tofauti, na wauzaji wanavichanganya, wengine kwa kutojua na wengine kwa makusudi. Gran Turismo 7: mtu anaendesha gari peke yake dhidi ya kompyuta, lakini sehemu kubwa inataka seva. Machi 2022 seva zililala zaidi ya saa 30, watu duniani kote wakabaki na magari waliyoyahangaikia, hawawezi kuyagusa. The Crew, gemu ya magari ya kampuni ya Ubisoft, ndiyo msiba kamili: ilitoka 2014, seva zikazimwa 31 Machi 2024, na hata aliyekuwa anazurura peke yake barabarani, gemu ikafa mkononi. CD unayo, ila imebaki kioo cha kunyolea ndevu.

Kinachoniuma ni kwamba vifurushi vya watu kama mimi vipo, tena vya zamani na bei nafuu, sikuvijua tu. Uncharted: The Nathan Drake Collection, PS4, 2015: gemu tatu, na walipozikusanya waliiondoa ile sehemu ya kucheza na watu mtandaoni, wakabakiza stori. Wachezaji wa mtandaoni walinuna. Mimi ningepiga vigelegele. BioShock: The Collection ya 2016 hivyo hivyo, ile ya pili ilikuwa na mapambano ya mtandaoni, kwenye mkusanyiko hayamo. Mass Effect Legendary Edition ya 2021 pia, stori tatu ndefu, mtandaoni wamepatoa. Yaani kile wanachokiita upungufu kwenye mijadala yao ndicho sifa kwangu. Ila angalieni na mashine: BioShock hiyohiyo ilipoletwa kwenye Nintendo Switch mwaka 2020, kadi haikutosha, kasha linakwambia upakue. Jina lile lile, picha ile ile, mzigo tofauti.

Na mashine nayo ina mambo yake. Zile PS5 nyembamba zilizotoka mwishoni mwa 2023, sehemu ya CD inachomoka. Ukiichomeka mara ya kwanza lazima iunganishwe intaneti ndipo itambulike. Kwa hiyo unaweza ukanunua mashine, ukanunua CD ambayo gemu lote limo, ukafika kijijini ukaambiwa tafuta mtandao. Kama unanunua hiyo, maliza yote hukohuko mjini, akaunti ufungue yako, mashine uiweke kuwa ya nyumbani kwa akaunti hiyo, ili gemu zake zifunguke hata bila mtandao. Usikubali akaunti ya muuzaji hata akiapa kwa bibi yake.

Kwa hiyo kwa mwenzangu wa Kibondo, Mafia, Ngara na kwingine kote kwenye E: usihesabu gemu ziko ngapi kwenye kifurushi. Saba zangu ni moja na robo. Fungua kila kasha, uone CD kwa macho. Geuza nyuma, soma yale maandishi madogo ya chini, siyo michoro. Mwambie azime waifai, azime mashine kabisa, aiwashe tena, aweke CD, halafu uingie kwenye stori mpaka uue mtu wa kwanza. Akianza kusema "bosi una haraka ya nini", ondoka.

NYONGEZA: Mkuu uliyeandika "hamia mjini", serikali ndiyo iliyonipanga, ongea nao. Na wewe unayesema ningebaki na PS2 ya zamani iliyojaa gemu kwenye flashi, umenichoma, maana ninayo kabatini na inapiga kazi mpaka leo.

NYONGEZA 2: Kaka wa FCC (Tume ya Ushindani), asante kwa ushauri. Nimeandika malalamiko, risiti nimeambatisha. Tatizo ni hiyo "VIFAA 1". Nathibitishaje kwamba niliahidiwa stori na siyo uwanja wa mazoezi? Mwenye uzoefu wa kesi kama hii aje, na aje kwa hoja, povu langu linatosha kwa wote.

NYONGEZA 3: PM (ujumbe wa faragha) zimejaa. Jibu moja kwa wote: ndiyo, CD ya mpira natoa, haina mkwaruzo. Nitakuwa Mbinga mjini Jumamosi ijayo. Mwenye gemu ya stori iliyokamilika ndani ya CD aje nayo tubadilishane. Tutaijaribia kwenye kibanda umiza cha pale stendi, nimeshaongea na mwenyewe, na kwake hakuna intaneti hata ya dawa.