Dogo ana rekodi ya kughushi hundi, anataka kazi ya fedha Marekani: aanzie wapi?

Mleta uzi
Wakuu, habari za muda huu. Mdogo wangu yuko Marekani, kamaliza digrii ya uhasibu. Juni 2018, akiwa na miaka 20, alighushi hundi ya dola 900. Februari 2019 mahakama ya jimbo ikamtia hatiani kwa feloni (kosa kubwa la jinai) na siku hiyohiyo ikampa kifungo cha nje cha miaka 2, akakimaliza. Jela hakulala. Anataka benki au kampuni ya udalali wa hisa, lakini kila anayemuuliza anamwambia asahau. Ni kweli? Na kwenye fomu aandike au akaushe?

HesabuKali
Mkuu, wanaomwambia asahau wanachanganya mambo. Kila sekta ya fedha ina sheria yake na namna yake ya kuhesabu miaka.

Benki zenye bima ya amana zinabanwa na Kifungu cha 19 cha sheria ya FDIC, shirika la serikali linalotoa bima hiyo. Aliyetiwa hatiani kwa kosa la kukosa uaminifu haajiriwi mpaka FDIC itoe kibali cha maandishi, na anayekiuka kwa kujua anaweza kupigwa faini hadi dola milioni 1 kwa siku. Ndiyo maana benki zinaogopa. Ila sheria ililegezwa Desemba 2022: zuio linaondoka ikipita miaka 7 tangu kosa lilipotendeka, au miaka 5 tangu mtu atoke jela. Aliyetenda kosa akiwa na miaka 21 au chini anahesabiwa miezi 30 tu tangu apewe adhabu. Februari 2019 jumlisha miezi 30 unapata Agosti 2021. Kwa benki, dogo hahitaji kibali tena. (Baadhi ya makosa ya shirikisho, kama ulaghai wa benki, hayapati nafuu hii. Lake ni la jimbo, halimo humo.)

Benki bado inaweza kumkataa kwa sera zake, lakini isimwambie kwamba ni sheria.

WakiliWaZamu
Nakubaliana na HesabuKali. Kwenye hisa hesabu ni nyingine kabisa, na watu wengi hujikwaa hapa kwa kudhani miaka inaanza siku ya kosa. Kwa FINRA, chombo kinachosimamia madalali wa hisa, feloni yoyote ile, hata isiyohusu fedha, inazuia kwa miaka 10 tangu *kutiwa hatiani*. Kwa dogo ni mpaka Februari 2029. Kabla ya hapo kampuni inaweza kumwombea kwa fomu MC-400, ila mwombaji ni kampuni, siyo yeye, na lazima ieleze nani atamsimamia na vipi. Kwa mtu anayeanza kazi, sitegemei kampuni ijitwishe mzigo huo.

Baada ya 2029 asidhani swali limefutika. Fomu U4, ya kujisajili kufanya kazi ya hisa, sehemu ya 14A, inauliza kama *umewahi* kutiwa hatiani kwa feloni, na hata kama uliwahi kushtakiwa tu. Kukausha asithubutu. Alama za vidole zinakwenda FBI, na uongo wa makusudi kwenye U4 ni sababu ya kuzuiwa inayojitegemea. Atakuwa amejitengenezea zuio jipya juu ya lile la zamani.

Mtihani wa SIE, ule wa mwanzo wa kuingia kazi ya hisa, anaweza kuufanya bila kampuni, lakini matokeo yanaishi miaka 4. Apige hesabu kwanza, asije akafaulu halafu yakaisha bado amezuiwa.

Kazi ya kushughulikia mikopo ya nyumba asipoteze nauli. Feloni ya ulaghai au kukosa uaminifu inamnyima leseni maisha yake yote, isipokuwa apate msamaha wa serikali au rekodi ifutwe. Kazi ya bima inahitaji kibali cha maandishi cha msimamizi wa bima wa jimbo.

KaraniWaMajalada
Kabla ya kuomba kazi yoyote, makaratasi. Achukue mahakamani nakala ya hukumu yenye muhuri, asome tarehe ya kosa, tarehe ya kutiwa hatiani na kifungu chenyewe. Kisha aombe rekodi yake FBI, dola 18. Mara nyingi inaonyesha kukamatwa bila matokeo ya kesi, na mwajiri anasoma kama kesi bado iko wazi. Hapo nakala ya muhuri ndiyo inayomwokoa.

Akiweza kufutiwa rekodi jimboni kwake, afanye: Kifungu cha 19 hakihesabu hukumu iliyofutwa au kufungiwa. Kama si raia, aone kwanza wakili wa uhamiaji, kwa sababu kule hukumu iliyofutwa kwa kawaida bado inahesabika.

Maelezo kwa mwajiri yawe hivi: "Juni 2018, nikiwa na miaka 20, nilighushi hundi ya dola 900. Nilitiwa hatiani Februari 2019, nikapewa kifungo cha nje cha miaka 2 na kukimaliza. Hati ya mahakama nimeiambatanisha." Nukta. Habari za marafiki wabaya na maisha magumu asiziweke. Tarehe zikipishana na hati hata kwa mwezi, anaonekana anaficha.

Mleta uzi
Nimewaelewa wakuu. Wakati anasubiri 2029, ashike nini mkononi?

HesabuKali
Uhasibu wa kampuni ya kawaida: kulipa wauzaji, kulinganisha taarifa za benki, mishahara. Huko Kifungu cha 19 na FINRA haviingii. Kikwazo ambacho hawakwambii ni bima ya mwajiri dhidi ya wizi wa wafanyakazi: nyingi hazimfidii mfanyakazi ambaye mwajiri anajua aliwahi kukosa uaminifu. Dawa yake ni Federal Bonding Program, dhamana ya dola 5,000 kwa miezi 6 ya kwanza, bure kwa mwajiri na kwa mwajiriwa. Aitaje mwenyewe kwenye usaili, maana maofisa ajira wengi hawaijui.

Mleta uzi
Hii ya dhamana sikuwahi kuisikia. Namtumia sasa hivi.