Tumesukuma V8 lake watu 17, katupa elfu kumi na kutuambia "msigombane"

Mvuna Viazi

Wakuu, naandika nikiwa na tope mpaka kwenye nyusi. Sijaoga, sijala, na sitaoga mpaka niliseme hili. Yule mheshimiwa mbunge wetu wa huku juu, mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule mwenye kicheko cha kwenye mabango, leo katufanyia kitu ambacho nisingemfanyia hata mbwa wa jirani aliyekula kuku wangu.

Saa nane mchana mvua imeshuka, na mvua ya huku mnaijua, haipigi hodi. Tuko pembeni ya barabara tunapakia viazi kwenye Fuso. Mara gari lake hilo, V8, linakuja kama lina mimba ya mapacha. Likaingia kwenye lile korongo la kabla ya daraja, lile lile ambalo mwenyewe aliapa kuwa litapigwa lami "kabla mahindi hayajabeba". Mahindi yamebeba misimu mingapi sasa? Likazama mpaka milangoni. Dereva anakanyaga mafuta, tairi zinaturushia tope kana kwamba tunadaiwa.

Tukaacha viazi vinalowa. Watu 17, nimehesabu kichwa kwa kichwa, akiwemo baba mmoja mtu mzima wa miaka sabini na kitu, tulimkatalia akasema mgeni hakwami kijijini kwake. Dakika arobaini! Buti langu la kushoto limebaki humo humo, mpaka sasa liko chini ya ardhi linaelekea Malawi.

Mwenyewe hakushuka. HAKUSHUKA. Tunasukuma gari, tunamsukuma na yeye, na kile kitambi cha vikao.

Likatoka. Tukasema sasa atashuka, angalau amshike mkono yule mzee. Kioo kikashuka robo tu. Vikatoka vidole viwili na noti ya elfu kumi. MOJA. Akasema: "Gawaneni vizuri, msigombane. Na sisi mishahara yetu mnaijua ilivyo." Kioo kikapanda. Gari likaondoka, na tope la mwisho likampata mzee usoni.

Msigombane! Mtu mzima anaambiwa msigombane kama mtoto aliyepewa andazi!

Elfu kumi kwa watu 17 ni shilingi 588. Na hiyo mishahara yenu tunaijua ndiyo. Mwaka 2011 posho ya kikao ya wabunge ilipandishwa kutoka 70,000 hadi 200,000 kwa siku, na Spika wa wakati huo, mama Anne Makinda wa hapo Njombe, akatetea kwamba maisha ya Dodoma yamekuwa magumu. Dodoma! Kuna lami, kuna umeme. Kwa posho hiyo ya siku moja ya kukaa kwenye kiti, kwa bei aliyotupangia yeye leo, unalipa watu 340 wa kusukuma V8. Kijiji kizima na watoto wa shule.

Msigombane. Nitakufa nalo hili neno.

Mwana wa Mwanjelwa

Picha ya buti tafadhali. Uzi bila picha ni umbea wa kilabuni.

Ndaga Fijo

Ugonile mkuu, pole sana. Ila si nyie mliomshangilia wakati wa kampeni alipobeba kuni za bibi? Mlisema huyu ni mwenzetu. Basi vumilieni mwenzenu.

Mvuna Viazi

Ndaga Fijo, zile kuni umenikumbusha na hasira imepanda upya. Alizibeba hatua ishirini, picha zikapigwa, akazitua njiani. Bibi akarudi kuzifuata mwenyewe. Na siku ile alikuja na bodaboda, akala ugali kwa mikono, akaomba na mboga ya kuongezea. Leo anashusha kioo robo. Robo! Hata sikio lake sikuliona, niliona vidole na saa.

Mzalendo Halisi

Mleta uzi acha chuki. Kazi ya mbunge ni kutunga sheria na kuisimamia serikali, siyo kumwaga kokoto. Na huyo mheshimiwa anabeba mzigo gani mnajua? Kila msiba yeye, kila harusi yeye, jezi za timu yeye, mabati ya kanisa yeye. Simu yake haipumziki. Katoa elfu kumi kwa moyo mnaanza kupiga hesabu. Wangapi wangepita bila kutoa?

Mwana wa Mwanjelwa

Chawa wa mheshimiwa kaamka mapema leo, kazi kusifia tu.

Mvuna Viazi

Mzalendo, "angepita"? ANGEPITAJE? Si alikuwa amekwama? Angepita tusingemsukuma? Nijibu hilo tu. Na kama kokoto siyo kazi yake, kwa nini aliziahidi jukwaani?

Mwalimu wa Zamu

Mimi ni mwalimu, tuseme ukweli. Kima cha chini cha watumishi wa umma kimepanda Julai 2025 kutoka 370,000 hadi 500,000, na tumeshukuru. Ila mtu wa kima hicho anakaa mwezi mzima kupata kile ambacho kwa posho hiyo ya 2011 ni siku mbili na nusu za vikao. Mishahara ni ile ile "mnaijua ilivyo". Mimi naidai fedha yangu ya uhamisho tangu sijaoa, sasa nina watoto wawili. Huo ndio uzi unaotakiwa kufunguliwa.

Mlanzi wa Kalenga

Kamwene wote. Nyie mna bahati, wa kwenu katoa elfu kumi mkaiona kwa macho. Wa kwetu huku Iringa alikuja msibani, akashika kipaza sauti, akatangaza rambirambi laki tano, akina mama wakapiga vigelegele na maiti iko ndani. Bahasha kufunguliwa, elfu hamsini. Hadi leo ukoo unamshika mweka hazina kwamba kala laki nne na nusu. Mtu kahama kijiji! Elfu kumi yako mkuu ina ukweli ndani yake.

Mwalimu wa Zamu

Mlanzi, acha ulanzi, hiyo ya mweka hazina imenitoa machozi.

Mvuna Viazi

NYONGEZA, WAKUU. Nimetoka dukani sasa hivi. Tulikubaliana ile noti tununue soda na mkate, tumpe mzee kwanza. Muuza duka kaigeuza, kaiinua kwenye taa, kairudisha. Imechanika katikati, imebandikwa selotepu, na namba za upande mmoja hazifanani na za upande wa pili! Noti mbili tofauti zimeunganishwa! Tumegawana SIFURI watu 17! Halafu msigombane! Tugombanie nini?

Ndaga Fijo

Hapo sasa mkuu sina la kutania. Huyo ni mtu mbaya.

Mzalendo Halisi

Huenda na yeye alipewa hivyo hivyo na hakujua.

Dalali wa Uyole

Samahani mleta uzi, swali dogo. Hayo magunia mliyokuwa mnapakia yalikuwa ya kilo 100 au mmeshona kichwa? Maana nyie wa huko juu ndio mnatuletea lumbesa, magunia yaliyojazwa kupita kipimo, halafu kwenye kizuizi tunapigwa faini sisi.

Mvuna Viazi

Lumbesa mnazitaka NYIE madalali! Mkulima akileta kilo 100 mnamwambia ongeza kichwa au rudi nazo. Na hilo siyo lililonileta hapa.

Dalali wa Uyole

Mimi sijawahi kumwambia mkulima ashone kichwa. Taja aliyekwambia.

Mlanzi wa Kalenga

Dalali anasema hajawahi. Haya, tumeelewa.

Suka wa Tunduma

Nyie mnalia korongo moja. Njooni mkae kwenye foleni ya hizi njia nne zinazojengwa kutoka Nsalaga kwenda Songwe uwanja wa ndege. Jana nimetoka Uyole na chapati ya moto, nimefika Mbalizi imeota ukungu. Na mteremko wa Iwambi breki zikigoma unamwita Mungu kwa jina la ukoo.

Mwana wa Mwanjelwa

Suka ungepita usiku.

Suka wa Tunduma

Usiku malori yote ya Zambia yako pale, wewe unalala saa ngapi?

Mvuna Viazi

Jamani turudini kwenye kioo. Kilishuka ROBO.

Dalali wa Uyole

Viazi vilivyolowa lakini huwa havikai. Ukivileta kesho alfajiri tunaweza kuongea bei.