Dardanelles 1915: wangerudi kesho yake wangepita?

MsomaRamani: Wadau, 18 Machi 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia, manowari za Waingereza na Wafaransa zilitaka kupita mlango-bahari wa Dardanelles huko Uturuki kwa nguvu zifike Istanbul, zikazama tatu, nyingine zikageuza. Mi naamini wangerudi kesho yake wangepita, Waturuki makombora yalishawaishia, na Urusi, mshirika wao, ingepata njia, nafaka zitoke silaha ziingie. Halafu zilizozama zilikuwa meli kuukuu tu.

MajiKupwa: "Kuukuu tu"?? Kaka, Bouvet, manowari ya Wafaransa, ilienda chini kwa kama dakika mbili na watu zaidi ya 600. Kuna vijana walikuwa huko chini wanatia makaa kwenye boila, hata ngazi hawakuifikia. Futa hilo neno ndo tuendelee.

MsomaRamani: Nimesema meli, mkuu, sijasema watu. Jibu hoja.

Kijana wa Nahodha: Hoja ni mabomu ya majini jamani. Pale pembamba kabisa ni kilomita moja na ushee, na yametegwa safu kwa safu kukata maji. Juu yake siku kumi kabla, kimeli kinaitwa Nusret kikatega safu nyingine sambamba na pwani ya Asia, palepale manowari zilipozoea kukata kulia zikimaliza kupiga. Sasa mizinga iishiwe isiishiwe, bomu lipo linasubiri. Na wa kuyaondoa walikuwa wavuvi na meli zao za uvuvi, wanamulikwa usiku huku wanapigwa. Nani angesafisha njia kwa usiku mmoja?

Mzalendo wa Historia: Mbona Seyit, yule askari wa mizinga wa Waturuki, hamumtaji? Alibeba kombora la kilo mia mbili na zaidi peke yake, ndo likaipata Ocean, manowari ya Waingereza.

MajiKupwa: Ile picha yake akiwa amebeba ni kombora la mbao, acha hizo. Na Ocean iligonga bomu la majini.

Mzalendo wa Historia: Picha ilipigwa baadaye! Kreni ya mzinga imeharibika, wenzake wamelala chini, mtu kainama kabeba. We gunia la kilo mia umewahi kulinyanyua?

MsomaRamani: Jamani tulikuwa kwenye meli kurudi...

MajiKupwa: Hujafuta "kuukuu".

Kijana wa Nahodha: Wasingepita. Ndo maana 25 Aprili wakashusha askari nchi kavu Gallipoli, rasi iliyo kando ya huo mlango-bahari, na Januari 1916 wakaondoka wenyewe.

Mzalendo wa Historia: Na Seyit vita ilipoisha alirudi kijijini kuchoma mkaa. Hilo nalo mseme ni la mbao.