Tupeane uzoefu: unajua mlango umefungwa, ila ubongo haukubali

Kitasa (mwanzisha uzi)
Wakuu, naomba tuzungumzie OCD, ugonjwa wa akili wa mawazo yanayojirudia bila kutakiwa na vitendo unavyojikuta ukivirudia ili kuyatuliza. Ninayo tangu nikiwa na miaka 17, na kinachoniuma ni watu kudhani ni usafi uliopitiliza. Mimi si msafi kuliko wengine. Mimi hurudi mlangoni. Nafunga, natikisa kitasa, naondoka, na hatua chache tu mbele linanijia wazo: je, kama hukufunga? Kuna siku nilirudi mara 14. Macho yameona, mkono umegusa, akilini najua kabisa, ila ile hali ya kuridhika kwamba "tayari" haiji.

Daktari wa akili alinieleza jambo lililonitoa machozi. Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo juu kidogo ya macho, hutoa taarifa kwamba kuna kasoro mahali. Taarifa hizo hupita ndani zaidi, kwenye sehemu iitwayo kaudeti, ambayo huzichuja kabla hazijafika talamasi, kituo cha kupitishia taarifa katikati ya ubongo, na kurudi mbele. Kwa wenye OCD mzunguko huo mara nyingi huonekana ukifanya kazi kupita kiasi kwenye picha za ubongo. Lisilo na uzito halichujwi, linarudi lilikotoka na nguvu ileile. Miaka yote hiyo nilijiita mjinga.

Wenzangu, kwenu ilianzaje?

Mama K
Mimi sikuwa na kitendo cha kuonekana. Baada ya kujifungua nilianza kuona picha akilini: kisu, mwanangu. Nilificha visu vyote, nikamwachia mume wangu kazi ya kumwogesha mtoto. Miezi saba sikusema, nikiogopa kunyang'anywa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba dalili zinaweza kuanza au kuzidi wakati wa ujauzito na baada ya uzazi.

Nilipopata mtaalamu alinieleza kuwa mawazo ya kutisha ya ghafla huwapata hata watu wasio na ugonjwa wowote; watafiti Rachman na de Silva walilionyesha hilo mwaka 1978. Kwa wengine yanapita. Sisi tunayashika, tunayahoji, tunajihukumu kwayo. Yalinitisha hivyo kwa sababu nampenda mwanangu.

Mtoto wa Mzee
Baba alikuwa akirudia sala tangu mwanzo kila alipohisi amekosea neno moja. Nyumbani tulisema tu "mzee ana wasiwasi". Mimi nilianza nikiwa na miaka 9, kunawa mikono. Kumbe kuna urithi ndani yake: pacha wa kufanana huwa nayo wote wawili mara nyingi zaidi kuliko pacha wasiofanana. Si jeni moja, ni nyingi, kila moja ikichangia kidogo.

Mama naye kila usiku nilimuuliza, "Nimenawa vizuri?" Akajibu ndiyo, nikauliza tena, akajibu tena. Alinijibu kwa upendo, na kila jibu lilinituliza kwa dakika chache tu kisha likanifanya niulize zaidi. Wazazi mnaosoma hapa, hili lizingatieni sana.

Nuru22
Kwa upande wa dawa: nilipewa sertralini, inayoongeza kazi ya serotonini, kemikali ya kupelekeana ujumbe kwenye ubongo. Wiki ya tatu nilitaka kuacha. Kwa OCD huchukua wiki 8 hadi 12, na dozi mara nyingi huwa kubwa kuliko ya sonona. Msiache wenyewe bila daktari.

Kitasa
Nashukuru sana. Mimi natumia tiba ya kukabili kinachokutisha na kujizuia kufanya kile kitendo. Chanzo chake ni kazi ya mwanasaikolojia Victor Meyer mwaka 1966. Na utafiti wa Baxter na wenzake wa 1992 ulionyesha kuwa kwa waliopata nafuu, iwe kwa dawa au kwa tiba ya namna hii, shughuli ya kaudeti ilipungua. Yaani kujizuia kurudi mlangoni nako kunaugusa ubongo wenyewe.

Leo nimefunga mara moja, nikaondoka. Mikono ilitetemeka kama nusu saa, kisha ikatulia.

Mama K, uliwezaje kumwambia mumeo?

Mama K
Niliandika kwenye karatasi, nikaiweka juu ya mto wake, nikajifungia bafuni. Baada ya muda akabisha hodi, mtoto begani. Akasema, "Fungua, umshike."