Walimu wenzangu, naomba ushauri: mashairi ya darasa la tano

Habari zenu walimu. Wanafunzi wangu wanakariri vizuri kwamba tarbia ina mishororo (mistari) 4 kila ubeti, mizani (silabi) 16 kila mshororo, lakini nikiwaambia watunge, kalamu zinasimama. Juzi niliwaandikia ubaoni: “Mvua yaja kwa haraka, miti yapiga makofi.” Wakahesabu mizani kwa vidole, 8 na 8, wakafurahi mno. Nilipouliza miti inapigaje makofi, kimya. Mmoja akasema labda upepo umevunja matawi. Hapo kwenye tashihisi, yaani kukipa kitu matendo ya mtu, ndipo ninapokwama.

Je, nianze na vitendawili, maana humo istiari (kukiita kitu jina la kingine kinachofanana nacho) wameshazizoea nyumbani, vina (silabi za mwisho zinazofanana) vije baadaye? Au nitangulize tathlitha, shairi la mishororo 3 kila ubeti? Mwenye shairi fupi alilotunga mwenyewe, la wanyama au chakula, naomba sana anigawie. Sitaki watoto hawa waliogope shairi.